Miti Iliyokaa Mahali pa Mwalimu

Mwalimu wetu wa Kemia hakuwa anawasha kiberiti. Shuleni wengi hawakujua, kwa sababu alilificha jambo hilo vizuri. Siku ya majaribio alikuwa anasema, "Haya, leo ni nani mwenye heshima ya kutuwashia moto?" Mikono ikiinuka, yeye huyo anatembea polepole mpaka dirishani, mikono nyuma, kama mtu anayeangalia kama mvua itanyesha. Tulichoma utepe wa magnesiamu ukawaka mweupe mpaka macho yakauma, tukapiga kelele, na yeye akaendelea kutufundisha akiwa ametupa kisogo.

"Mmebaki na nini?" aliliuliza dirisha.

"Majivu meupe, Mwalimu."

"Na moshi?"

"Umetoka nje, Mwalimu."

"Nje ni wapi?"

Hapo tulinyamaza, kwa sababu nje ni nje, mtu atasema nini zaidi.

"Nje ni kwa mtu," alisema. "Hakuna nje isiyokuwa kwa mtu."

Nimekuwa nikitaka kuandika juu yake tangu astaafu. Mimi si mtu wa kuongea, kwa hivyo nikimkumbuka sina wa kumwambia ila hii karatasi. Jumatatu asubuhi bado naamka nikitafuta ile chupa ya maziwa niliyokuwa nampelekea, halafu nakumbuka hakuna wa kupelekewa.

Msemo wake mkubwa ulikuwa, "Vitu havipotei, vinahama tu." Ni sheria ya Kemia, lakini yeye aliitumia kwa kila kitu. Chaki ikikosekana, imehama. Rafiki yangu Naliaka aliibiwa mkate kwa dawati, akasimama katikati ya somo akiwa karibu kulia.

"Mwalimu, mkate wangu umepotea!"

"Haujapotea. Umehama."

"Umehamia wapi sasa?"

"Tafuta mtu mwenye chembe za mkate kwa sweta."

Darasa lote likaanza kujipangusa kifuani, hata wasioiba. Mwizi tulimjua kwa sababu yeye peke yake hakujipangusa. Alikuwa anajiamini kwamba alikula vizuri.

Sitaki kumwandika kama malaika, maana hakuwa. Alikuwa bahili wa chaki, akiandika na vipande vidogo mpaka kucha zinakwaruza ubao na sisi tunaziba masikio. Kazi ikichelewa kidogo tu haichukui, hata ulie. Ulimi wake ulikuwa na wembe. Aliwahi kumwambia mvulana mmoja kwamba jibu lake lingekuwa sahihi kama swali lingekuwa lingine. Na koti lake la kahawia alilivaa miaka yote, viwiko vimeshonewa ngozi, lakini viatu viling'aa mpaka ungejichania nywele ukivitazama.

Ila kwa kungoja, sijaona mtu kama yeye. Walimu wengine wakimpata mtu asiyeongea humng'oa maneno kama jino. "Sauti! Sauti! Mpaka umeze nini, microphone?" Darasa linacheka, na yale maneno yaliyokuwa yamefika kwenye meno yanarudi tumboni. Mwalimu wa Kemia alikuwa anauliza swali, halafu anaangalia kando. Anaangalia ukuta, anaangalia kiatu chake, anafuta miwani. Hakuangalii wewe hata kidogo. Anangoja kama mtu aliyeweka chai kwa jiko na hana haraka.

Siku moja aliniuliza hivyo mimi, akafuta miwani mara mbili.

"Mwalimu," Naliaka akasema, "huyu ukimngoja tutafungia shule hapa."

"Basi tutafunga. Chakula kipo?"

Nikajibu. Jibu lilikuwa sahihi. Yeye hakusema "vizuri", aliandika tu ubaoni nilichosema, neno kwa neno, kama kwamba lilikuwa limetoka kwa kitabu.

Mimi sababu ya dirisha niliijua. Kabla awe mwalimu wangu alikuwa jirani yetu huku Yamumbi, nje ya mji wa Eldoret. Ploti yake na shamba letu zilitenganishwa na ua wa miiba ya kayaba peke yake, na mlango wake ulitazama jikoni kwetu. Nilikuwa mdogo, sijaanza hata nasari, lakini nakumbuka taa ya dirisha lake jioni, na sauti yake ikivuka ua: "Jirani! Ng'ombe wako anasoma gazeti langu!" Baba anakimbia, anakuta kweli ng'ombe ameingiza kichwa kwenye veranda ya Mwalimu na nusu ya gazeti imeshaliwa. "Amefika wapi?" Baba aliuliza. "Kurasa za michezo," Mwalimu akajibu. Baba yangu ni mtu asiyecheka, na mimi nimerithi mdomo wake mzito. Lakini kwa Mwalimu alicheka. Hadi leo nikitaka kukumbuka Baba akicheka, lazima nimweke na Mwalimu kando yake.

Halafu uchaguzi ukaja, na baada ya uchaguzi ile vita ambayo hapa kwetu tunaiita tu "ule wakati". Kabila la Mwalimu lilikuwa lingine na letu lingine, na kabla ya hapo mimi sikujua kuna kitu kama hicho. Ninachokumbuka mimi ni moshi. Mbingu ilikuwa karibu sana. Baba aliwalaza Mwalimu na mkewe kwenye trela ya trekta, akawafunika na mabua ya mahindi, akawapeleka mpaka kituo cha polisi, pale wenzao walikuwa wamekimbilia. Alipokuwa anarudi, nyumba ya Mwalimu ilikuwa imeshaliwa na moto, na ua wa kayaba pia.

Nani aliichoma, Mwalimu hakuwahi kuuliza, na Baba hakuwahi kusema. Sijui kama Baba anajua. Watu waliokuwa barabarani siku ile bado tunasalimiana nao.

Mkewe alienda kwa watu wao na akakataa kusikia hata jina la Eldoret. Mwalimu alirudi kwa sababu ya shule. Alikodi chumba mjini, nyuma ya duka la mzee mmoja Msomali anayeuza mchele na blanketi, akakaa hapo miaka na miaka. Kutoka chumba kile hadi Yamumbi ni pikipiki isiyomaliza hata wimbo mmoja wa redio. Hakuja. Kila mara alisema, "Nitakuja, nitakuja," na Baba akasema, "Hakuna haraka."

Badala yake yakaenda maziwa. Nikiwa shule ya msingi tuliyapeleka na Baba siku za soko, na nilipoingia sekondari kwake nikawa nayabeba mimi kila Jumatatu. Ni maziwa ya mursik, yale ambayo Mama anayalaza kwenye kibuyu. Kwanza anachoma kijiti cha mti wa senetwet, anasugua ndani ya kibuyu na ile kaa yake mpaka kote kuwe kweusi, ndipo anamimina maziwa na kuyaacha yagande. Yakimwagwa yanatoka na madoa ya rangi ya mawingu ya mvua. Niliyabeba kwenye chupa iliyokuwa ya juisi, nimeifunga na gazeti ili wenzangu wasiniulize.

Hapo ndipo Mwalimu alikuwa ananichanganya. Mtu ambaye hawezi kukaa karibu na kiberiti, aliyekuwa anahama meza ya walimu ikiwa mwenzake ananuka sigara, alipenda maziwa yenye makaa kuliko chakula chochote. Hakugawia mtu. Alikuwa anamimina kwa kikombe cha bati, anakiinua kwenye mwanga na kuniambia, "Tazama. Kaboni. Lakini hii imekubali kukaa."

Halafu anauliza, akiangalia kando, "Na kwetu?"

"Kuzuri, Mwalimu."

"Avokado ya pale kwa geti imezaa?"

"Imezaa."

"Na ule mtaro, bado unaziba mvua ikinyesha?"

"Unaziba."

"Mwambie Jirani autoboe kutoka chini, asianze juu."

Alimwita Baba "Jirani" miaka hiyo yote ambayo hawakuwa majirani. Na Baba akipewa ujumbe alitoka na jembe siku hiyohiyo akatoboa mtaro kutoka chini.

Sasa lazima niandike juu ya Kampuni.

Kampuni ni ile kubwa ya kemikali ya ng'ambo ambayo mbolea yake inanunuliwa kuanzia hapa hadi Moi's Bridge. Hakuna boma lisilo na gunia lake, jeupe lenye jani la kijani. Tunaanikia mahindi juu yake, tunazibia bafu nalo, Mama amejishonea aproni. Siku moja Mwalimu alikuja darasani na gunia tupu, akalitundika ubaoni kama ramani ya dunia.

"Leo tunasoma hii," akasema. "Hewa mnayovuta, sehemu kubwa ni naitrojeni. Ni ya bure. Kampuni inaichukua, inaichanganya na haidrojeni iliyotolewa kwa gesi ya chini ya ardhi, inabana, inapasha moto, mwishowe inapata mbolea. Na ile kaboni iliyokuwa ndani ya gesi, imeenda wapi?"

"Nje!"

"Nje ni wapi?"

"Kwa mtu!"

"Mwalimu," Naliaka akauliza, "kwa hivyo ugali ni moshi?"

"Ugali wako wa jana, kuna bomba la moshi mahali fulani lilikohoa ndiyo ukaupata."

"Sasa tuache kula?"

"Wewe? Uache kula?" Tulicheka mpaka darasa jirani wakagonga ukuta. Yeye hakucheka. "Mimi mwenyewe mbolea hii nimeitia shambani miaka mingi. Mahindi yangu yalikuwa marefu kuliko ya baba ya mtu fulani humu ndani." Hakuniangalia, lakini masikio yangu yaliwaka.

Halafu akatuonyesha maandishi madogo chini ya lile jani. Kampuni ilikuwa imeahidi mbele ya dunia kwamba moshi wake utapungua nusu, na baadaye utafika sufuri. Alichora bomba upande mmoja wa ubao na mti upande mwingine. Akasema kwamba sehemu moja ya ahadi wataitimiza kwa kubadilisha mitambo, na sehemu nyingine kwa kuwalipa watu wa mbali wapande miti ya kuunyonya moshi huo, watu kama sisi.

"Mtu anavuta sigara," alisema. "Ameacha nusu. Ile nusu iliyobaki anakulipa wewe upumue vizuri kwa niaba yake. Amepunguza, hajapunguza?"

Darasa likagawanyika. Wavulana wa nyuma walisema huyo ni mjanja tu. Wengine wakasema, si afadhali huyo kuliko asiyeacha hata moja? Mwalimu aliwaacha wabishane mpaka kengele. Kwa mlango akasema, "Nusu ya kwanza ni ya kweli, tuwape haki yao. Ya pili inategemea kama yule wa mbali atasimama na neno lake." Nikaona uso wake, na nikajua anajisema mwenyewe. Maana yeye ndiye aliyekuwa ametuletea huo mpango wa miti.

Hiyo ilikuwa zamani kidogo, nikiwa bado shule ya msingi. Afisa wa Kampuni, kijana mpole mwenye koti la kijani, aliwaita wakulima kwenye ukumbi wa shule ya Mwalimu, mjini, na kwa vile Kiingereza chake kilikuwa kingi, akamwomba Mwalimu awaeleze. Mimi nilienda na Baba kwa sababu alikuwa ameniahidi soda. Mwalimu alisimama mbele na lile koti lake, akaeleza mpaka wazee wakaacha kusinzia.

"Mti ukiandikishwa," alisema, "si wako peke yako tena. Kampuni imeshauhesabu kwa ahadi yake. Hakuna mtu ataugusa mpaka miaka ishirini iishe. Si wewe, si mtoto wako. Ukiukata, umeachilia moshi wa watu uliokubali kuwashikia, ahadi yao imekuwa uongo, na wewe umedanganya pamoja nao."

Baba, ambaye haongei mikutanoni, aliinuka. Nilimshika koti nikiogopa.

"Hakuna mtu?"

"Hakuna mtu, Jirani."

"Hata akija na nguvu?"

Watu wakacheka. "Hata akija na trekta," Mwalimu akasema.

Baba akakaa. Nilimwona amefurahi, na sikujua kwa nini.

Huku kwetu, shamba lililoachwa wazi linaita watu. Kwanza linaita ng'ombe. Halafu mtu anapitisha jembe kidogo pembeni, mistari miwili tu, na msimu unaofuata mistari imekuwa mingi. Halafu siku moja kuna mabati. Ploti nyingi za wale waliokimbia ule wakati ziliisha hivyo, bila mtu kusema ameziiba. Na ploti ya Mwalimu ilikuwa imeanza kuliwa pembeni. Baba aligombana na mtu aliyekuwa akiilima mara nyingi, na kila mara aliulizwa, "Kwani ni yako?" Akakosa jibu.

Kwa hivyo mkutano ule ulimpa jibu. Alichukua miche ya grivelia ya Kampuni, na badala ya kuipanda yote kwetu, akavuka palipokuwa na ua wa kayaba akaipanda kwa Mwalimu, karibu ploti nzima. Afisa alipokuja kupima na ile simu inayochora ramani, aliona shamba moja tu, kwa sababu ua ulikuwa umeungua. Akaandika lote jina la Baba. Baba hakumsahihisha. Aliona ni sawa, aliona mlinzi amepatikana. Kile kidogo Kampuni ilichotuma kilinunua miche ya kujazia iliyokufa. Na yule wa mistari pembeni alipoona afisa wa koti la kijani akihesabu miti, hakurudi tena.

"Msimwambie Mwalimu," Baba alituambia mimi na Mama. "Ataona mwenyewe akija. Iwe sapraizi." Neno hilo lilikuwa geni mdomoni mwake, akalitamka kama mtu anayeonja kitu cha moto.

Miaka yote ile nilijibu "Kuzuri, Mwalimu", miti ilikuwa inaota.

Alipostaafu tulimwimbia, tukampa saa ya ukutani, na Naliaka akalia kuliko wote. Nilipompelekea maziwa ya mwisho aliniambia, "Sitaki kuzeekea kwa nyumba ya mtu. Mwambie Jirani Jumamosi nakuja. Nakuja kujenga."

Jumamosi hiyo Baba alivaa koti la kanisani. Mama alikuwa ametenga kibuyu kizuri kile chenye shanga. Mwalimu alishuka kwenye pikipiki pamoja na fundi wa mawe, mtu mfupi mwenye futi mfukoni na mdomo usiofungika. Walisimama pale palipokuwa na geti. Mwalimu alitazama avokado, kama kuhakikisha ni penyewe. Halafu akatazama miti, mirefu, imepangwa mistari, mpaka kivuli chake kikafika barabarani.

"Nani amepanda?"

"Ni mimi," Baba akasema. Alikuwa anatabasamu. Sijawahi kumwona akingoja kusifiwa, lakini siku hiyo alingoja.

"Umeandikisha?"

"Yote."

"Kwa jina la nani?"

Tabasamu la Baba likaanza kuondoka. Nilimwona akitafuta maneno, na mimi najua vile inakuwa, unajua yako ndani na hayaji. "Langu," akasema. "Afisa aliandika langu."

Fundi akajipiga kofi pajani. "Mwalimu, hapa ulishahamishwa mara ya pili! Mimi nipime nini, nyani?"

Baba akasema, "Nitakata. Leo hii nitakata upate pa kujenga."

"Hapana," Mwalimu akasema. "Haikatwi. Mimi ndiye nilisimama mbele ya watu nikasema haikatwi." Alivua miwani akaifuta, akaivaa tena. "Asante, Mzee."

Mzee. Hakusema Jirani. Alipanda pikipiki akaenda, na Baba akabaki amesimama na koti lake la kanisani mpaka Mama akaenda kumshika mkono.

Wiki ile Baba alienda kwa afisa. Yule kijana alisikitika kweli, akasema jina linaweza kubadilishwa, itachukua muda, lakini miti hapana, imeshaingia kwenye ripoti, Kampuni imeshaitangazia dunia. Jioni Baba alianza kunoa shoka. Mama alikuja akalichukua.

"Ukikata, utamwonyesha nini?" alimuuliza. "Wewe huna mdomo. Hiyo miti ndiyo mdomo wako."

Baba alituma salamu kwa chumba cha mjini, haikurudi salamu. Majirani walianza kusema taratibu kwamba hata Baba, mtu mpole vile, kumbe alikuwa anataka ploti. Maziwa yaligandia kwa kibuyu, tukayanywa wenyewe. Hayakuwa na ladha.

Ninayotaka kumalizia ni ya Jumamosi iliyopita. Baba alikuwa ameenda Moi's Bridge na mahindi. Nilikuwa naanua nguo nikaona koti la kahawia katikati ya miti. Sikuita Mama. Nilichukua kigoda nikaenda.

Katikati ya miti kuna sakafu ya nyumba ya Mwalimu. Saruji haiungui. Imepasuka na ina weusi pembeni, lakini iko, na Baba hakupanda juu yake, aliizunguka. Mwalimu alikuwa amesimama pale palipokuwa mlango. Nilimwekea kigoda, akakaa, akitazama jikoni kwetu kama zamani.

"Na kwetu?" akauliza.

"Kuzuri, Mwalimu."

Halafu akageuza uso, akaangalia gome la mti uliokuwa karibu.

"Baba yako alipanda hapa kwa nini?"

Akangoja. Ndege walikuwa juu wanagombana. Aliangalia lile gome, akaangalia kiatu chake, ambacho kilikuwa na vumbi, na sijawahi kukiona na vumbi. Nilikuwa na mambo mengi ya kusema, ya mistari pembeni, ya simu inayochora ramani, ya koti la kanisani. Hakuniangalia hata mara moja.

"Ili ukirudi usikute mtu," nikasema.

Baadaye alipitisha mkono kwenye sakafu, akautazama mkono.

"Hakuna majani. Nani anafagia?"

"Mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu nijue kushika ufagio. Baba alisema ni kazi yangu."

Akatikisa kichwa polepole. Pale ng'ambo Mama akawasha moto wa chai, na kuni zilikuwa mbichi. Moshi ukatoka jikoni ukashuka, ukaanza kuja kwetu katikati ya miti, chini chini, wa bluu. Niliinuka haraka nikamwambie auzime, na Mwalimu akaninyooshea mkono nikae. Aliushika ukingo wa kigoda. Vidole vyake vilikuwa vyeupe kama vya mtu wa chaki. Moshi ulifika, ukampita usoni, ukapanda kwenye majani. Alikohoa. Hakuhama.

"Huo ni wa chai?"

"Ni wa chai, Mwalimu."

"Mama yako aniwekee sukari kidogo. Ya zamani ilikuwa nyingi."

"Na nyumba, Mwalimu?" Sijui niliuliza na mdomo wa nani.

"Nyumba tutaona." Alitazama juu, pale dari ilipokuwa, ambapo sasa kuna majani. "Jirani anarudi saa ngapi?"

"Jioni."

"Basi akifika barabarani mkimbilie umwambie atanikuta."

Nikaenda kuongeza maji ya chai.